Injini ya gari inagonga: sikia mlio kabla ya kusoma kodi za kompyuta

Kosa linalokula pesa nyingi ni kuchomeka mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari) kabla ya kuvuta kijiti cha oili. Kompyuta za magari mengi hazina kodi ya beringi iliyolika ya konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki. Injini inaweza kugonga hadi ikafa, taa ya injini isiwake hata mara moja. Na kodi P0325, ya sensa inayosikiliza kugonga kwa injini, inaweza kutokea kwenye injini nzima isiyo na kelele yoyote. Vipimo vya hapa ni vya 1NZ-FE ya Toyota, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye Vitz, IST, Probox na baadhi ya Premio, lakini utaratibu ni uleule kwa injini nyingi za petroli.

Zima injini, gari likiwa mahali tambarare. Subiri dakika tano, pima oili. 1NZ-FE hujazwa lita 3.7 ukibadilisha na filta. Oili ikishuka chini ya alama ya chini, pompu huvuta hewa kwenye kona na milima, na beringi ndizo za kwanza kuumia. Kama taa nyekundu ya oili iliwaka huku injini inagonga, usiiwashe tena hata kwa "kusikiliza kidogo". Gari livutwe.

Oili ikiwa sawa na taa imezimika, washa usikilize. Mlio mwepesi kama kokoto kwenye kopo, unaotoka ukikanyaga mafuta mlimani kwa gia kubwa na kupotea ukiachia, ni petroli inayolipuka yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio. Hapo shuku mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa, injini kupata joto kupita kiasi, masizi kwenye vichwa vya pistoni, plagi zisizo za injini hiyo, au mchanganyiko wenye hewa nyingi. Taimingi ya 1NZ-FE, yaani wakati plagi inapotoa cheche, haizungushwi kwa mkono, inaamuliwa na kompyuta. Fundi akitaka kukutoza kwa "kurekebisha taimingi ya moto", muulize atashika wapi.

Mlio mzito wa kugonga unaofuata mizunguko, na kusikika zaidi ukishikilia resi kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika kisha ukaachia ghafla, ni wa konrodi. Uthibitishe silinda moja baada ya nyingine: chomoa soketi ya nozeli (inayonyunyiza petroli) na ya koili (inayolipa plagi umeme) ya silinda moja, sikiliza, rudisha, nenda inayofuata. Ukichomoa koili peke yake, petroli mbichi itakwenda kuunguza katalaiza, kisafishaji cha moshi kwenye ekzosti. Silinda ambayo ukiizima mlio unapungua au kupotea ndiyo mgonjwa. Mlio mzito wa kugonga usiobadilika silinda yoyote ikizimwa, na unaozidi gari likibeba mzigo, uelekeze kwenye beringi kuu za krenki.

Mlio wa asubuhi unaoisha injini ikipata moto kwa kawaida ni pistoni iliyolegea kwenye silinda. Unaweza kuishi nao muda mrefu. Tiki-tiki ya juu, inayokwenda kwa nusu ya mwendo wa krenki, ni valvu. Nafasi zake injini ikiwa baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuvuta hewa, na 0.25 hadi 0.35 upande wa moshi. Mkwaruzo wa sekunde chache wakati wa kuwasha ni cheni ya taimingi au tenshona (kikaza) yake. Usisahau vitu vya nje: bati la kukinga joto la ekzosti, mauntini za injini, pule ya altaneta. Toa mkanda na uwashe kwa chini ya dakika moja, kwa kuwa pompu ya maji huzungushwa na mkanda huohuo. Kelele ikipotea, injini yenyewe haina kosa.

Sasa kodi. Magari ya soko la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 mara nyingi hayasomeki na vifaa vya bei nafuu vya Bluetooth. Kwenye Toyota unganisha tundu 4 na 13 za soketi iliyo chini ya usukani kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Mara tano, kituo kifupi, mara mbili: hiyo ni 52, yaani P0325. Kupepesa kwa kasi moja bila vituo kunamaanisha hakuna kodi. Hesabu matundu kwa makini, maana la 16 lina umeme wa betri muda wote.

P0325 inazungumzia saketi ya sensa ya kugonga: waya, soketi au sensa yenyewe. Ikitokea, kompyuta huchelewesha cheche kuilinda injini, gari likawa zito na kunywa mafuta. Sensa bapa ya waya mbili ipime: kilo-ohm 120 hadi 280 kwenye nyuzi 20. Ukifunga mpya, safisha bloku mpaka chuma kitupu, usiweke ringi ya washa wala gundi, kaza kwa Nm 20. Ikilegea au ikikazwa kupita kiasi husikia vibaya. P0171 ni hewa nyingi, na hiyo huleta ule mlio wa kokoto. P0300 hadi P0304 ni silinda kukosa moto. Kama zilitokea wakati wa kuchomoa soketi, zifute. P0011 na P0016, za mpangilio wa kemshafti, zikija pamoja na mkwaruzo wa cheni, anza na oili chafu na valvu ya VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka.

Ukishuku konrodi, funga geji ya presha mahali pa swichi ya oili, kisha mwaga oili upasue filta. Chembe zinazong'aa lakini hazishikwi na sumaku ni za beringi. Fungua sampu, bakuli la oili chini ya injini. Usikubali kubadilishiwa beringi bila krenki kupimwa kwa maikromita: shingo ya krenki iliyopoteza umbo la duara itazila beringi mpya pia. Oili nzito hunyamazisha kelele kwa muda tu, na wauzaji wa magari wanalijua hilo.

Baada ya matengenezo, toa fyuzi ya pompu ya petroli, piga stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime, ndipo urudishe fyuzi na kuwasha bila kupiga resi.