Somo: Kumwita fundi wa kusafisha sakafu na zulia (Mtwara na Lindi)

Pesa ya korosho ikiingia, nyumba hupigwa rangi kwanza na sakafu hukumbukwa mwisho. Hapo ndipo mafundi wa mashine wanapopita mtaa kwa mtaa, na wengine wana dawa moja kwa kila sakafu. Kabla ya kuuliza bei, fuata haya.

Hatua ya 1: Ijue sakafu yako. Dondosha tone la ndimu mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya mlango, baada ya kufuta polishi yote hapo. Likitoa mapovu madogo, sakafu ina chokaa ndani yake: ni terazo (sementi yenye vipande vya mawe, iliyosagwa), marumaru halisi ya jiwe, au sementi. Futa haraka kwa maji. Tailizi za kawaida hazitoi povu. Angalia tu tone lisiguse maungio, ile sementi iliyo kati ya tailizi.

Sakafu iliyotoa povu haitaki asidi ya aina yoyote. Fundi akisema "namwaga kidogo tu ing'ae", mshukuru na umwage yeye. Asidi hula chokaa, huacha vitundu, na vitundu hunyonya uchafu upesi kuliko mwanzo. Siku ya kwanza sakafu huonekana nyeupe safi, ndiyo maana watu hulipa huku wanatabasamu.

Hatua ya 2: Pima mwenyewe. Sebule ya mita 5 kwa 4 ni mita za mraba 20. Bei ya "chumba kizima" huzaa ugomvi. Uliza kama bei imeingiza kuhamisha samani, kutoa nta ya zamani, sila (dawa ya mwisho inayopakwa kuziba vitundu vya sakafu), na kingo za ukutani, maana mashine ya duara haifiki kwenye kona. Pale ni kazi ya mkono.

Hatua ya 3: Mwambie akuonyeshe pedi. Terazo iliyochubuka husagwa kwa pedi za almasi, kutoka namba ndogo (inayokwaruza zaidi) kwenda kubwa (laini): 100, 200, 400, 800, 1500, 3000. Mikwaruzo ikiwa imezama sana, huanza na 50. Akiruka kutoka 100 hadi 800 ili amalize mapema, mikwaruzo hubaki chini ya mng'aro, nawe utaiona asubuhi jua likiingia kwa ubavu mlangoni. Kila namba ikiisha, tope livutwe na sakafu isuuzwe. Chembe moja ya pedi ya mwanzo ikibaki huchora mistari upya.

Umeme nao upatane mapema. Mashine ya kilowati 1.5 ikifanya kazi saa 6 mfululizo hula uniti 9 za LUKU.

Hatua ya 4: Kipande cha majaribio. Nusu mita kwa nusu mita, hatua zote mpaka mwisho, halafu subirini pakauke kabisa. Sakafu yenye maji hung'aa hata kama kazi ni mbovu.

Hatua ya 5: Siku ya kazi. Tope la kusagia lisimwagwe chooni wala kwenye karo. Lina sementi na vumbi la mawe, hutuama ndani ya bomba na kuliziba. Liachwe kwenye ndoo litulie, maji ya juu yamwagwe nje, tope litupwe likiwa kavu. Kama kisima chenu kina chumvi, maji ya mwisho ya kusuuza yawe ya bomba au ya mvua, vinginevyo mtabaki na alama nyeupe.

Sila ndiyo inayoharibika zaidi huku kwetu, hasa kati ya Desemba na Aprili, mvua ikinyesha na hewa ikiwa nzito. Kabla ya kuipaka, pima unyevu: gundisha karatasi ya nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, iache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone au weusi chini yake, sila isipakwe. Itageuka ukungu mweupe na itabidi itolewe yote.

Zulia. Choma uzi mmoja. Ukinuka nywele na kuwa majivu, ni sufu: jiki marufuku, maana huila. Ukiyeyuka na kuwa kipunje kigumu, ni la plastiki. Dai mashine inayopuliza maji na kuyavuta papo hapo. Povu likiachwa ndani hukamata vumbi upya. Zulia likaushwe siku hiyohiyo kwa feni na madirisha wazi.

Malipo: theluthi ya kuanzia, iliyobaki sakafu ikishakauka.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Chikongola: Mkuu, tulibangulia korosho ukumbini, sementi ina madoa meusi. Fundi anasema asidi.

Jibu: Asidi haitoi mafuta ya ganda la korosho. Vaa glavu, mafuta hayo huunguza ngozi. Changanya unga wa chaki na tapentaini mpaka uwe uji mzito, paka, funika kwa nailoni usiku mmoja, kwangua, rudia ikibidi. Moto usiwe karibu, madirisha yawe wazi. Doa la miaka limezama, hilo ni la kusaga, na kivuli chaweza kubaki.

Mdau wa Lindi mjini: Maungio ya tailizi yamekuwa meusi. Nichanganye jiki na asidi?

Jibu: Hapana kabisa, ndugu yangu! Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na chooni kusiko na hewa inaweza kuua. Tumia sabuni ya kutoa mafuta na brashi ya nailoni, iache dakika 10 kabla ya kusugua. Brashi ya waya huacha kutu.

Mdau wa Shangani: Shikamoo. Zulia limesafishwa juzi, sasa linanuka.

Jibu: Marahaba. Mgongo wake ulilowa na haukukauka. Ligeuze chini juu nje penye upepo, ukague pia sakafu iliyokuwa chini yake. Fundi arudi na mashine yake avute tena bila kuongeza maji. Ukiona madoa ya kijani au meusi mgongoni, usilirudishe chumbani wanakolala watoto.