Rapu ya kuku na bekoni: soma na maandishi yasiyokolezwa

Ndugu zangu wa Kigoma mlioko Uingereza, nianze na kilichoniuma. Rapu, yaani chapati iliyoviringishwa na vitu ndani, niliyouziwa kantini ya kazini ilikuwa na picha ya kuku na majani, jina lake "club". Herufi zilizokolezwa zilitaja ngano, maziwa, mayai na haradali. Nguruwe alikuwa humo humo, kwa herufi za kawaida, kabanwa katikati ya mistari. Nilipolalamika, msimamizi alinionyesha kwa kidole: imeandikwa. Hela haikurudi, na pole sikupewa.

Sheria ya huku inataka vitu 14 vinavyoleta mzio vikolezwe kwenye orodha ya viambato. Tangu Oktoba 2021 hata chakula kinachofungwa hapo hapo dukani lazima kibandikwe orodha kamili. Lakini nguruwe hayumo kwenye hivyo 14! Ukipitisha macho kwenye herufi nzito pekee, kitimoto utakila mchana kweupe. Narudia: soma yote, mpaka nukta ya mwisho. Na "club" kwa kawaida ni kuku pamoja na bekoni, yaani nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Wenyeji wanalijua hilo tangu utoto, hawaoni haja ya kukuambia.

Msidhani pia kwamba bekoni ya bata mzinga imemaliza kazi. Si nguruwe, sawa, lakini kachinjwa na nani? Tafuta muhuri wa halali; huku kuna taasisi kadhaa zinazoutoa, mbili kati yao ni HMC na HFA. HMC hawakubali mnyama apigwe umeme azimie kabla ya kuchinjwa. HFA wanakubali kwa masharti. Chagua ule ambao roho yako imeridhika nao.

Shangazi zangu wa Ujiji huniambia kwenye simu, "Si umuulize tu muuzaji?" Shangazi, shikamoo, lakini muuzaji wa huku ni mwanafunzi wa kibarua anayepanga rafu. Atakwambia usome pakiti. Yule wa soko la Mwanga kule Kigoma anayejua kuku katoka boma la nani, huku hayupo.

Hawa watu si wabaya. Ila kwao kitu kikishaandikwa, mzigo umehamia kwako. Wakikugusa bega watakuomba radhi hata mara tatu, lakini kukuambia "dada, hii ina nguruwe" wanaona ni kuingilia mambo yako. Wanakula peke yao mbele ya kompyuta, na hakuna anayesema karibu. Ndiyo maana nabeba changu.

Kupika kwenyewe hakuna makuu. Mapaja ya kuku yasiyo na mfupa, yakate, yalaze na kitunguu saumu, tangawizi, limau na pilipili manga. Chumvi weka kidogo sana, bekoni ina yake. Usimwoshe kuku kwenye sinki. Najua mama atashtuka, ila maji yanarusha vijidudu jikoni kote, na moto ndio unaoviua. Kaanga mpaka ndani pasiwe na wekundu. Bekoni ya nguruwe, kwa mnaokula, iwekeni kwenye kikaango cha baridi bila mafuta, moto mdogo, ichuje mafuta yake. Ya bata mzinga haina mafuta ya kutosha, iongezee kijiko kimoja.

Chapati ipikeni wenyewe, ila si ile nene ya tabaka ya nyumbani, hiyo hupasuka ukiikunja. Sukuma nyembamba, pika upesi, funika kwa taulo ingali moto ili ilainike. Paka mtindi uliotiwa pilipili, panga kuku, bekoni, nyanya na majani. Kunja chini, kunja pembeni, viringisha, kisha kandamiza kwenye kikaango upande wa mshono ili ishike.

Na nyie wa nyumbani, msimfungie mtoto samli kwenye begi eti chapati zinoge. Maziwa na nyama kutoka Tanzania haviruhusiwi kuingia huku, vitatupwa mbele ya macho yake. Tumeni dagaa wakavu wa Kibirizi, samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, na asali isizidi kilo 2.