Namna ya kuzifuata nyayo za Hambletonian, kuanzia Sugar Loaf

Wapenzi wengi wa mbio za farasi wa vigari wakifika jimbo la New York huenda moja kwa moja makumbusho ya Goshen, wakatazama vikombe na picha, wakarudi zao. Mimi nakusihi uanzie Sugar Loaf, kitongoji kidogo cha Chester katika Orange County, kwa sababu Hambletonian, farasi mwenyewe, alizaliwa hapo.

Fika asubuhi, na kabla ya lolote inua macho uutazame mlima. Zamani sukari iliuzwa kwa mabonge marefu yenye ncha juu, kwa Kiingereza “sugar loaf”. Linganisha umbo hilo na mlima, jina la mahali litajieleza. Chini yake utakuta maduka ya mafundi wa mikono. Nunua ukipenda, ila usimalizie siku humo.

Beba daftari. Andika mwaka, mahali, na nani alimmiliki farasi wakati huo. Mstari wa kwanza: 5 Mei 1849, shamba la Jonas Seely. Mama yake Hambletonian alikuwa jike kilema, na kibarua wa shamba, William Rysdyk, aliwanunua mama na mtoto kwa dola 125. Hapa usiharakishe. Simama ukiangalia malisho, umfikirie kibarua akiondoka na jike anayechechemea na kitoto nyuma yake. Dume yule alikuja kuzaa watoto 1,331, na ada ya kumpandishia jike ikafika dola 500. Karibu kila farasi wa Marekani anayekimbia mbio hizi leo ni wa ukoo wake. Mimi kila nikipita pale moyo hunijaa.

Kisha nenda Chester, kwenye kaburi lake. Alikufa mwaka 1876. Mnara wa mawe ukasimamishwa mwaka 1893, kando ya barabara inayoitwa kwa jina lake. Maandishi ya kuchongwa husomeka vizuri jua likiwa limeinama, kwa hiyo ukiona herufi zimefifia saa sita, rudi alasiri. Usikwangue jiwe wala kulipaka chaki. Piga picha kutoka ubavuni, kivuli kitakusomea.

Goshen iwe ya mwisho. Makumbusho, yaliyoanzishwa mwaka 1951, yamo katika jengo lililokuwa mazizi. Mbio kubwa zenye jina la Hambletonian zilifanyika Goshen, katika uwanja wa Good Time Park, kuanzia 1930 hadi 1956, isipokuwa mwaka 1943.

Karibu na makumbusho upo uwanja mwingine, Historic Track, wa tangu 1838, na bado farasi hukimbia humo. Jaribu kufika Julai, siku ya mbio. Sogea kwenye uzio pale kwenye kona, ufumbe macho. Mwendo unaotakiwa katika mbio kama zile za Hambletonian ni ule wazee wa pwani wanaouita matiti: mguu wa mbele wa kushoto na wa nyuma wa kulia hutua pamoja, kisha ile miwili mingine. Utasikia mapigo mawili tu, pa-pa, pa-pa. Mapigo yakichanganyika, farasi ameingia shoti, na mwendeshaji anavuta hatamu amrudishe kwenye mwendo huku wenzake wakimpita.