Kulea vifaranga masika yakipiga kando ya ziwa

Nikiulizwa mimi, masika ya Machi hadi Mei yanamaliza vifaranga kuliko mwewe. Juzi nilikuwa Kayenze, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, kumsaidia shemeji kupanga banda lake, na mengi aliyoniuliza ndiyo haya. Banda lenyewe ni la kawaida: tofali hadi kiunoni, juu wavu, kisha bati.

1. Maji ya nje

Chimba mfereji upande wa mlimani kabla hujanunua vifaranga. Mwanza ni miamba mitupu, na maji yanayoshuka kwenye jabali hayanywewi hata tone, yanakuja yote kwako kwa mkupuo. Kama shamba linagusa ufukwe, banda lipande juu. Mwaka 2020 ziwa lilijaa likaingia mashambani na majumbani, na sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe.

2. Sakafu

Pumba za mpunga, unene wa vidole vinne. Kwenye mashine za kukoboa Magu na Misungwi zipo tele. Vumbi la mbao hapana, vifaranga hulila.

3. Bruda

Bruda, yaani pale wanapolelewa vifaranga kwa joto, iwe duara la hadibodi, lisiwe na kona.

4. Joto na hewa

Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, halafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yaote. Mimi ni mtu wa jiko la mkaa. Balbu ni nzuri, ila radi ikianza tu umeme nao unakwenda. Chemli sitaki hata kuiona bandani, ni masizi tu.

Sasa sikiliza. Mvua ikianza, mtu anashusha maturubai pande zote, anaziba hadi tundu la mwisho, anaingiza majiko mawili, anakwenda kulala. Asubuhi vifaranga wamekufa, anasema baridi. Mara nyingi si baridi. Mkaa unaoungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo haichagui kifaranga wala mtu, kwa hiyo usilale humo kuwalinda. Wakiponea hapo, pumzi na kinyesi chao hulowesha pumba, amonia inawawasha macho, kisha inakuja koksidiosisi, ile ya kuhara damu, maana vimelea vyake hukomaa penye unyevu na joto.

Kwa hiyo turubai usilining'inize kutoka juu. Libane chini ukutani, ulipandishe kwa kamba, uache uwazi wa shubiri moja chini ya bati, upande usiopigwa na upepo. Upepo ukigeuka, ziba hapo ufungue upande wa pili. Viroba vilivyoshonwa navipenda kuliko nailoni, maana nailoni hutoa jasho na kuwadondoshea. Mkaa uwashie nje hadi uwe mwekundu wote, ndipo uuingize. Jiko likae juu ya tofali, lizungushiwe wavu, mbali na viroba.

Kipimajoto kikae usawa wa mgongo wa kifaranga, kisitundikwe ukutani. Hata hivyo, waamini vifaranga wenyewe. Wakirundikana kwenye jiko, wanasikia baridi. Wakilikimbia midomo wazi, joto limezidi. Wakijazana upande mmoja, kuna upepo unapenya ng'ambo. Inama, weka kiganja kwenye pumba, utausikia.

Amka saa kumi alfajiri. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mawingu ya radi yanajijenga juu ya maji, na mvua nyingi hutufikia kuelekea asubuhi, wakati mkaa wa jioni umeshakuwa majivu.

5. Kukikucha

Zoa pumba zilizolowa kuzunguka vyombo vya maji, mwaga kavu. Chanjo ya mdondo (kideri) iende kwa ratiba yake, mvua isiwe kisingizio. Jua likitoka, shusha viroba vyote hadi jioni.