Usitupe sahani dhaifu: namna ya kutafuta virusi ndani ya kuvu ya blasti ya mpunga

Mwaka 2014 niliosha sahani ambayo mpaka leo inaniuma. Ilikuwa sahani ya kuoteshea vijidudu, yenye kuvu inayoleta ugonjwa wa mpunga uitwao blasti, niliyoitoa kwenye shingo la suke la mpunga, sampuli ya Ifakara. Sahani nyingine kumi na moja za shamba lile lile zilikuwa zimejaa utando wa kijivu hadi ukingoni. Hii moja ilikuwa imefika nusu tu, kingo zimechanikachanika, na upande mmoja una kipara chenye umbo la kipande cha chungwa. Nikaandika daftarini "imeharibika", nikaitia kwenye otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu) pamoja na taka za siku ile. Niliporudi shambani msimu uliofuata, pale pameshapandwa mahindi.

Mimi ni fundi sanifu katika maabara ya magonjwa ya mimea. Nawaandikia wadogo zangu mnaoanza kazi hii, hasa mnaofanyia kwenye maabara zisizo na kila kitu, ili msirudie kosa lile.

Kuvu, au fangasi kama wakulima wanavyosema, nazo huugua. Zina virusi vyao wenyewe, na baadhi ya virusi hivyo huzidhoofisha kiasi kwamba hazina tena nguvu ya kuua mmea. Jambo hili limeshaokoa miti. Ugonjwa wa gome la mchesinati (kwa Kiingereza chestnut), unaoletwa na kuvu, ulifyeka mabilioni ya miti Marekani, kisha mwaka 1938 ukaonekana Italia, karibu na Genoa. Miaka ya 1950 Antonio Biraghi akaona kule miti ambayo vidonda vyake vinafunga vyenyewe. Jean Grente wa Ufaransa akaotesha kuvu ya vidonda vile, na badala ya rangi ya chungwa akapata utando mweupe, dhaifu. Baadaye ikajulikana kuwa mna kirusi ndani yake, na Ulaya kuvu hiyo yenye kirusi hupakwa kwenye vidonda vya miti mpaka leo. Grente angeziosha sahani zake nyeupe kama nilivyoosha yangu, dawa hiyo ingechelewa sana. Kwenye blasti pia, watafiti wa Japani walipata kirusi ndani ya kuvu iliyotoka Vietnam: kinaipunguzia kasi ya kukua na kuivuruga rangi.

Sasa kazi yenyewe.

Chukua shingo la suke lenye kidonda, liweke kwenye sahani yenye karatasi ya chujio iliyoloweshwa, funika, acha usiku mzima. Kesho yake utaona chini ya darubini spora, yaani mbegu ndogo mno za kuvu, zenye umbo la tone, kila moja ina vyumba vitatu. Zigusishe kwa sindano safi kwenye aga tupu ya maji (aga ni rojo linaloganda ambalo kuvu huoteshwa juu yake), kisha okota spora moja moja uhamishie kwenye aga ya viazi. Okota zisizopungua kumi kwa kila kidonda, na utando mama usiutupe. Kirusi hakiingii lazima katika kila spora. Ukichukua moja tu, unaweza kuwa umekiacha nyuma.

Aga ya viazi huhitaji kununua ya kopo. Menya gramu 200 za viazi mviringo, kata vipande vyembamba, chemsha nusu saa, chuja kwa kitambaa. Tia gramu 20 za glukosi na gramu 15 za aga, jaza maji yafike lita moja, kisha otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 20. Ila sahani zote unazotaka kulinganisha ziwe za sufuria moja. Viazi vya leo na vya wiki ijayo havilingani, na tofauti ya chakula itakudanganya uone ugonjwa mahali usipo.

Otesha kwenye nyuzi 25 au 26. Kila siku saa ile ile pima upana wa utando mara mbili, kwa rula, mistari ikipishana, na uandike. Unatafuta kasi ndogo, kingo zisizo sawa, rangi iliyopauka, spora chache, na vile vipara vya pembetatu. Hakikisha kwanza kwamba si bakteria: paka kidogo kwenye kioo, angalia. Kumbuka pia kwamba kuvu iliyohamishwahamishwa mara nyingi huzeeka na kudhoofika bila kirusi chochote. Na virusi vingi vya kuvu havionyeshi dalili hata moja, kwa hiyo pima na baadhi ya zile zinazoonekana nzima.

Kabla ya kutumia kemikali, fanya jaribio hili la bei ya sahani moja. Weka kipande cha kuvu dhaifu na kipande cha kuvu nzima ya shamba hilo hilo, sentimita mbili kati yao. Vikishakutana, subiri siku chache zaidi, halafu kata kipande kutoka upande wa mbali kabisa wa ile nzima, uoteshe upya. Ikianza nayo kuchechemea, kuna kitu kimevuka. Virusi vingi vya kuvu havina njia ya nje. Hupita nyuzi za kuvu zinapoungana. Nyuzi zisizopatana hukataa kuungana, na mara nyingi utaona mstari mweusi au pengo kati yao. Ukiona hivyo usikate tamaa, badilisha mwenzi.

Sasa uthibitisho. Virusi vingi kati ya hivi hubeba jeni zao kwenye RNA yenye nyuzi mbili, na ndiyo tutakayoivua. Otesha kuvu kwenye mchuzi wa viazi usio na aga kwa siku saba, chuja utando, ukamue kati ya karatasi za chujio mpaka usitoe maji. Pima gramu 2. Kama una naitrojeni ya maji, saga nayo kwenye kinu. Kama huna, na mimi mara nyingi sina, laza utando na kinu na mchi wake ndani ya friza usiku kucha, asubuhi saga haraka pamoja na kijiko kidogo cha mchanga uliosafishwa kwa otoklevu. Unga ukianza kulainika kama ugoro, umefika.

Tia kwenye mililita 10 za bafa, yaani maji ya chumvi yanayotuliza pH: NaCl milimola 100, Tris milimola 50 ya pH 8, EDTA milimola 1, na SDS asilimia 1. Ongeza fenoli na klorofomu kiasi sawa na bafa, ndani ya kabati la kufyonza hewa, glavu mkononi na miwani usoni. Fenoli huunguza ngozi huku ikiitia ganzi, hivyo unaweza usijue. Tikisa, zungusha kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu tu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kila mililita 8.4 za maji yale weka mililita 1.6 za ethanoli tupu. Hiyo ni asilimia 16, na kwa kiwango hicho RNA ya nyuzi mbili hushika kwenye unga wa selulosi ilhali vingine vingi hupita. Tia nusu gramu ya selulosi, tikisa polepole, zungusha, mwaga maji. Osha mara nne au zaidi kwa bafa isiyo na SDS yenye ethanoli asilimia 16. Kisha weka bafa hiyo bila ethanoli, nayo RNA itaachia. Ifanye ijitenge na maji na kutua chini kwa ethanoli mara mbili na nusu ya ujazo pamoja na sodiamu asetati, ilale kwenye friza.

Ondoa DNA kwa kimeng'enya cha DNase I na RNA ya uzi mmoja kwa kimeng'enya cha S1. Pitisha kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1. Mistari minne iliyokaribiana kwenye kama jozi 3,000 za besi (herufi za RNA) inafanana na jamaa ya kile kirusi cha Vietnam. Mstari mmoja wa juu sana, karibu 12,700, ni ukubwa wa kile cha mchesinati. Ukiwa na shaka, gawa sampuli mara mbili uweke RNase A, kimeng'enya kinachokata RNA, mrija mmoja una chumvi nyingi, mwingine kidogo mno. RNA ya nyuzi mbili hubaki kwenye chumvi nyingi na kuyeyuka kwenye chumvi kidogo.

Ukipata mistari, usikimbilie shambani. Kwanza usomaji wa jeni, kisha kirusi kihamishiwe kwenye kuvu safi, kisha miche ya mpunga kwenye nyumba ya wavu. Kuvu yenye kirusi bado ni kuvu ya blasti, na kuimwaga kwa mkulima bila kibali ni kumchezea chakula chake.

Kila inayotiliwa shaka ihifadhi siku hiyo hiyo. Weka vipande vya karatasi ya chujio iliyosafishwa juu ya aga, kuvu ipite juu yake, bandua, kausha vizuri, tia kwenye bahasha ndogo ndani ya friza ya nyuzi hasi 20. Andika namba, shamba, tarehe na upana wa siku ya saba kwa penseli, maana wino wa kalamu hufutika unyevu ukiingia.