Kabla hujaomba ulipwe kwa mafuta yasiyochimbwa

Hapa Goma kazi yangu ni kuandikia vyama vya vijijini maandiko ya kuomba ufadhili. Siku hizi swali ni moja: tufanyeje ili wenye fedha walioko ng'ambo watulipe, mafuta yaliyo chini ya msitu yasiguswe?

Kabla ya kushika kalamu, jifunze yaliyowapata Ecuador, nchi ya Amerika Kusini. Mwaka 2007 Rais Rafael Correa alipeleka Umoja wa Mataifa wazo la kuyaacha ardhini mafuta yaliyo chini ya msitu wa Yasuní; hesabu ya baadaye ilikuwa mapipa kama milioni 846. Dunia ikitoa dola bilioni 3.6, nusu ya thamani yake, yatabaki humo humo. Mfuko ukafunguliwa 2010 chini ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Agosti 2013 akaufunga, kwa kuwa zilizoingia zilikuwa kama dola milioni 13 tu. Mafuta yakaanza kutolewa 2016.

Basi kwenye jedwali lako tenga safu mbili, ya ahadi na ya fedha zilizofika benki. Bajeti ipangwe kwa hiyo ya pili tu. Nimeona chama kikiajiri walinzi sita kwa kutegemea barua ya pongezi tu.

Funzo la pili ndilo gumu. Correa alikuwa amesema wazi kwamba fedha zisipokuja, watachimba. Mfadhili akisikia hivyo hujiona kama ndugu wa mateka: akilipa leo, kesho ataombwa tena. Kwa hiyo mlango ufungwe kwanza, kwa sheria au kwa kura, ndipo uombe fedha za kuulinda. Waecuador wenyewe walifika huko Agosti 2023, pale kama asilimia 59 walipopiga kura mafuta ya eneo lile yaachwe. Kura hiyo haikungoja mfadhili.

Kwetu sheria haiko mikononi mwa kijiji, najua. Novemba 2021, kwenye mkutano wa tabianchi kule Glasgow, Kongo iliahidiwa dola milioni 500 kwa ajili ya misitu. Julai 2022 vitalu 27, yaani maeneo ya kutafutia mafuta, vikapigwa mnada, vingine vikiingia ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mnada ulifutwa Oktoba 2024, na 2025 vikatangazwa vitalu 52. Wengi huniambia niandike kwamba kitalu kikitangazwa, fedha zote zisimame. Mimi sikubali. Kwa nini mama wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edward, aadhibiwe kwa sahihi iliyotiwa Kinshasa? Gawa andiko mafungu mawili: la serikali lisimame siku kitalu kitakapotangazwa, la kijiji liende moja kwa moja kwenye akaunti ya chama na liendelee.

Fungu la serikali lilipwe baada ya kupima kama msitu umelindwa kweli. Gabon ililipwa hivyo mwaka 2021, dola milioni 17 kwa misitu ambayo tayari ilikuwa imeilinda. La kijiji usilifanye hivyo, maana kijiji hakina akiba ya kusubiri vipimo.

Sasa maneno. Andiko langu la kwanza kuhusu Ziwa Edward lilirudishwa na mfadhili mmoja. Nilikuwa nimeandika "bayoanuai", yaani wingi wa aina za viumbe, mara kumi na moja, na samaki hata mara moja. Nikarudi ziwani, nikakaa siku tatu na akina mama wanaobanika samaki: mitumbwi mingapi imerudi, mabeseni mangapi, kuni zinatoka wapi, beseni moja linalipa ada ya mtoto kwa muda gani. Hesabu hizo ziweke ukurasa wa kwanza. Hewa ya ukaa ije baadaye. Mfadhili ana wataalamu wake wa kuihesabu, lakini hana mtu wa kumhesabia mabeseni.

Usisahau kuuliza swali ambalo watu huliogopa kikaoni: kampuni ikija na ajira, vijana watasema nini? Andika majibu yao kama walivyoyatoa, hata ya wanaotaka kisima cha mafuta kichimbwe. Andiko lisilo na mpinzani hata mmoja hunitia shaka hata mimi.

Mwisho ambatanisha muhtasari wa kikao, wenye sahihi na alama za vidole. Toa nakala mbili. Moja ibaki kwa katibu wa kijiji, isije ikalala ofisini kwangu.