Bei imebadilishwa baada ya zabuni kufunguliwa: jinsi ya kupinga nchini Kenya

Kesi ya zabuni iliyochezewa hujengwa siku ya kufungua zabuni. Wengi huanza kutafuta ushahidi barua ya kukosa tenda ikishafika. Wakati huo nyaraka za wapinzani wao zimeshafungiwa kabatini na siku 14 za kulalamika zinayoyoma. Mwongozo huu ni wa mzabuni anayeshuku kwamba mwenzake ameongeza barua, amebadilisha bei, au amepewa nafasi ya kurekebisha zabuni yake wakati muda ulikuwa umekwisha.

Jua kwanza kinachoruhusiwa

Kifungu cha 76 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 kinampa mzabuni haki ya kubadili au kuondoa zabuni yake kabla ya muda wa mwisho, kwa maandishi na kwa utaratibu uliowekwa kwenye nyaraka za zabuni. Kwa hiyo, kama mwisho ni saa tano kamili asubuhi, barua ya punguzo iliyotumbukizwa sandukuni saa nne na dakika hamsini na tano ni halali, hata kama zabuni yenyewe ililetwa wiki iliyotangulia. Usipoteze nguvu kuipinga. Ikiingia saa tano na dakika mbili, haina kazi tena. Na mzabuni anayejiondoa baada ya muda wa mwisho, zabuni yake ingali hai, hupoteza dhamana yake ya zabuni, yaani hakikisho la fedha aliloliweka pamoja na zabuni.

Zabuni zikishafunguliwa, kifungu cha 82 ndicho silaha yako kubwa: bei iliyowasilishwa na kusomwa siku ya ufunguzi ni ya mwisho, haisahihishwi wala kurekebishwa na mtu yeyote. Chukua mfano. Fomu ya Zabuni inasema shilingi 48,600,000 na hiyo ndiyo iliyosomwa, lakini ukijumlisha BQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake) unapata 46,800,000. Kamati ya tathmini haina ruhusa ya kuandika 46,800,000 kwenye ripoti ili mzabuni huyo awe wa bei ya chini. Zaidi ya hapo, Kanuni ya 74(2) ya Kanuni za 2020 zilizo chini ya Sheria hiyo inahesabu makosa ya kukokotoa bei kuwa dosari kubwa inayoiondoa zabuni. Ndiyo maana inakupasa kujumlisha BQ yako mwenyewe mstari kwa mstari kabla ya kumnyoshea mwenzako kidole, kwa sababu kanuni hiyohiyo itakurudia.

Eneo lenye utata zaidi ni ufafanuzi. Kifungu cha 81 kinairuhusu taasisi inayonunua kumuuliza mzabuni ufafanuzi kwa maandishi, mradi jibu lisibadili kiini cha zabuni. Kuuliza tarehe iliyofifia kwenye cheti cha ukurasa wa 40 inasomekaje ni ufafanuzi. Kumwambia alete cheti ambacho hakukiambatisha ni kumruhusu awasilishe zabuni upya. Ukipata dalili ya jambo hili, likamate, maana ndiko wazabuni dhaifu wanakookolewa kimyakimya.

Siku ya kufungua zabuni

Nenda mwenyewe au mtume mtu makini mwenye daftari. Kamati ya ufunguzi ina watu wasiopungua watatu, na kifungu cha 78 kinaipa kazi mahususi ambazo unapaswa kuziona zikifanyika. Kwa kila zabuni, andika jina la mzabuni, bei iliyosomwa, dhamana iliyotajwa, idadi ya kurasa, na kama punguzo lolote limesomwa. Angalia pia kama wanakamati wanatia saini zabuni na kuweka herufi za majina yao kando ya bei na kando ya mabadiliko au punguzo. Barua ya punguzo isiyo na herufi hizo, ambayo haikusomwa mbele ya watu, haikuwapo siku hiyo. Idadi ya kurasa nayo ina uzito wake: zabuni iliyosomwa kuwa na kurasa 212 haiwezi kwenda kutathminiwa ikiwa na kurasa 219.

Andika saa ambayo sanduku lilifungwa na saa ambayo bahasha ya kwanza ilifunguliwa. Kabla ya kuondoka, omba kwa maandishi nakala ya rejista ya ufunguzi; sheria inakupa haki hiyo ukiwa mzabuni. Kamati haina mamlaka ya kumwondoa yeyote siku ya ufunguzi, basi usishtuke zabuni yenye kasoro ikisomwa. Kusomwa si kukubaliwa.

Palipo na uwasilishaji wa kielektroniki, hifadhi stakabadhi ya mfumo yenye tarehe na saa, pamoja na picha ya skrini.

Kuhesabu siku 14

Hapa ndipo kesi nzuri hufa. Kifungu cha 167 kinakupa siku 14 tangu kuarifiwa matokeo au tangu ukiukaji kutokea. Kama uliona kwa macho yako zabuni iliyochelewa ikipokelewa tarehe 3, siku zinahesabiwa kuanzia tukio hilo. Ukisubiri barua ya matokeo mwezi mmodi baadaye ndipo ulalamikie jambo ulilolishuhudia, utaambiwa umechelewa. Kwa hila iliyofanyika ndani ya tathmini, ambayo hukuweza kuijua, barua ya matokeo ndiyo inayoanzisha hesabu.

Siku ya tukio haihesabiwi. Barua ya tarehe 3 Machi inakupa hadi tarehe 17 Machi. Ikiwa siku ya mwisho ni Jumapili au sikukuu ya umma, unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Lakini usiijenge kesi yako juu ya mwanya huo; lenga siku ya kumi.

Kosa la kusikitisha zaidi ni kumwandikia afisa mhasibu (mkuu wa taasisi inayonunua) barua ya malalamiko na kukaa kungoja jibu. Barua hiyo ni sawa kuiandika, hasa kuomba muhtasari wa tathmini na sababu za kukataliwa, ila haisimamishi hesabu ya siku hata kidogo.

Kuandaa ombi

Ombi la mapitio hupelekwa kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma (PPARB), kwa fomu iliyo kwenye Jedwali la 14 la Kanuni za 2020, pamoja na ada na hati ya kiapo yenye vielelezo. Taja kifungu kilichovunjwa, kitendo chenyewe, tarehe yake, na hasara uliyoipata au uliyo hatarini kuipata. Hasara usiisahau: Mahakama ya Rufani imeshaamua kwamba mlalamishi asiyeonyesha hasara hana msingi wa kuwa mbele ya Bodi. Sentensi moja iliyonyooka inatosha, kwa mfano kwamba bei yako ndiyo ingekuwa ya chini kama bei iliyosomwa ingeheshimiwa.

Usiambatishe ripoti ya tathmini uliyopenyezewa. Nyaraka za tathmini ni siri chini ya kifungu cha 67, na ushahidi wa aina hiyo huigeuza kesi iwe juu yako. Iombe Bodi izikague yenyewe, kwa kuwa taasisi inawajibika kuipelekea faili za siri. Elekeza jicho la Bodi mahali hasa: herufi za wanakamati kando ya bei, kumbukumbu za ufunguzi, na nambari za kurasa.

Ombi likishapokelewa na taasisi kuarifiwa, ununuzi unasimama chini ya kifungu cha 168. Mkataba hauruhusiwi kutiwa saini kabla ya siku 14 tangu taarifa ya matokeo, lakini ukishatiwa saini kihalali Bodi haina tena mamlaka, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwahi.

Bodi huamua ndani ya siku 21. Inaweza kufuta uamuzi wa tuzo, kuagiza tathmini irudiwe kwa bei zilizosomwa, au kuamua gharama. Asiyeridhika ana siku 14 kwenda Mahakama Kuu, ambayo nayo ina siku 45 za kuamua. Kutoka hapo, Mahakama ya Rufani inafikiwa ndani ya siku 7.